Chuma cha Kufuliwa

Sabuni ya mwisho katika nyumba ya Mwantumu iliishia kwenye kufua kipande cha chuma. Kesho yake mume wake akafungiwa ghalani kwa kosa la kupasua kipande kingine. Watu wa Machochwe walisema mambo hayo mawili hayahusiani. Mwantumu aliona yanahusiana kama vidole vya mkono mmoja, na asiyeona alikuwa amefumba macho kwa hiari yake.

Alifika ghalani asubuhi akiwa na ugali na maziwa ya mgando. Mlangoni alisimama Heche wa mgambo na kirungu chake, shati limefungwa mpaka kooni. Heche huyu jembe lake la mwaka jana lilitoka mikononi mwa mfungwa aliyekuwa akimlinda. Hakuitikia salamu. Alifunua kawa, akachomeka kidole katikati ya ugali, akakizungusha.

"Unatafuta nini humo?"

"Tupa ya kukatia chuma. Ninyi wahunzi mna mambo."

"Nisonge ugali juu ya tupa, Heche? Basi hata akikata kufuli, atakimbilia wapi? Mbugani akaliwe na simba?"

"Mimi natumwa tu, mama Arafa."

Mwantumu alimega lile tonge lililotiwa kidole, akamwekea mkononi. "Hili lako. Ulishalinawia." Kisha akaenda ubavuni mwa ghala, mahali mbao zilipoachana kidogo, akapitisha chakula kipande kwa kipande kama anayelisha mgonjwa.

"Umekuja kulia au kunilisha?" Sadick aliuliza kutoka gizani, katikati ya magunia ya mtama.

"Kulia nitalia siku nyingine. Mtaalamu anarudi kesho. Mwenyekiti ameshatangaza kwamba umefanya hujuma. Polisi wa Mugumu wakikuchukua, karakana atapewa mtu mwingine, na ile nyumba ni ya karakana. Mimi na Arafa tutakuwa wageni wa nani?"

"Nitamwambia mtaalamu ukweli."

"Ukweli upi? Watu wote walikuwepo."

"Ndiyo shida," Sadick alisema huku anatafuna. "Watu wote walikuwepo, na watu wote wanamwogopa mwenyekiti."

Na kweli walikuwepo.

Miezi michache nyuma, kijiji kilikuwa kimepewa mashine ya kugongea majembe. Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Bamba la chuma lililoiva motoni linalazwa ndani ya kalibu, nyundo kubwa inashushwa juu yake, na linatoka likiwa na umbo la jembe. Taabu ilikuwa kwenye kalibu yenyewe. Kila bamba lenye moto linapoilalia inatanuka, kila inapopozwa inasinyaa, na kutanuka na kusinyaa huko kunaichosha mpaka ngozi yake inachanika. Kalibu iliyochanika inazaa majembe yenye makovu.

Ndipo akaja Joram Obura, kijana wa ofisi ya viwanda vidogo ya mkoa, na kalibu mbili mpya kutoka kiwandani, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya akiba. Sadick naye alikuwa na yake, aliyoitengeneza kwa ekseli ya lori lililokufa njia ya Tarime, akaipiga nyundo mpaka mikono ikavimba. Obura aliitazama, akaipenda, akasema zishindanishwe. Alisimama mbele ya wanakijiji, akachagua maneno aliyoamini kila mtu atayaelewa.

"Ndugu wananchi, kalibu hii niliyoleta ni ya chuma cha kumiminwa. Hiyo ya fundi wenu ni ya chuma cha kufuliwa. Zipasheni moto, zipozeni, zipasheni tena. Nitakaporudi tutaona ipi imechoka mapema."

Watu wakapiga makofi, naye akaondoka na vumbi lake. Laiti angesema chuma cha kusubu! Mwantumu peke yake, aliyelelewa kwa Kiswahili, angeelewa kwamba chuma kiliyeyushwa kikamwagwa kwenye umbo, wengine wasingeelewa lolote, wangeuliza, na chuma kingepona. Lakini alisema kumimina, neno ambalo kila mtu alilijua kwa maji na togwa. Akasema kufua, neno ambalo kila mtu alilijua kwa mashuka. Hapa watu wana Kikurya chao nyumbani, na Kiswahili wanakivaa mkutanoni kama koti. Koti likikubana kwapani huwezi kulivua mbele za watu.

Mwikwabe, mwenyekiti wa kijiji, alilivaa koti hilo kwa fahari kuliko wote. Siku ya jaribio alikwenda karakana mwenyewe na kamati yake. Kalibu ya kiwandani ilikuwa motoni, imeiva nyekundu.

"Hii si ndiyo ya kumiminwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi mimina."

Sadick alidhani hakusikia vizuri. "Nimimine nini?"

"Maji, mura! Mtaalamu si amesema ni ya kumiminwa? Chukua ndoo."

"Ikiwa nyekundu hivi, maji ya mtoni yataipasua."

"Mtaalamu kasoma miaka mingapi, na wewe Mturi umesoma mingapi?"

Waturi ni ukoo wa wahunzi, watu wanaohitajika na wote lakini hakuna anayetaka kuoana nao. Sadick hakuwa Mturi. Baba yake alizaliwa Pangani, akaja Mugumu na wachuuzi, akaoa, akazikwa hapo. Ila Machochwe mtu anayeshika koleo ni Mturi, basi, na neno hilo lilikuwa likitupwa miguuni pake kama mfupa. Alichukua ndoo. Akamimina. Kalibu ilipiga kelele kali, na kila walipoirudisha motoni na kuimiminia tena, kelele ilibadilika, mpaka mara ya mwisho ilipolia kwa kishindo kikavu na ufa ukatembea kutoka ukingo hadi ukingo.

Wakati huo huo Rhobi, mke wa mwenyekiti, alikuwa mlangoni kwa Mwantumu.

"Mama Arafa, mzee anataka sabuni karakana."

"Ya nini?"

"Ya kufulia chuma."

"Rhobi, usinichekeshe, nina maharage motoni."

"Haki ya Mungu. Kuna chuma kimoja ni cha kufuliwa. Na amesema uje mwenyewe, kwa sababu kufua si kazi ya wanaume."

Dukani sabuni ilikuwa haijaonekana tangu mvua za vuli. Kipande kile Mwantumu alikuwa akikificha ndani ya mtungi, akikikata kwa uzi kwa ajili ya nguo za shule za Arafa. Alikibeba mwenyewe kwa sababu hakuwa tayari kukiacha mkono wa mtu mwingine. Karakana aliikuta kalibu ya mume wake ikiwa na joto la kiasi tu, beseni la maji ya vuguvugu pembeni, na kamati nzima imekaa kimya kama wazee wa kanisa.

"Ndugu Mwenyekiti," alianza, "kufua kunakosemwa hapa..."

"Wewe mama, kazi yako ni sabuni."

Alimtazama Sadick. Sadick alitikisa kichwa: usiseme. Basi Mwantumu alipiga magoti akakisugua chuma kile, akakipovusha, akakisuuza, kikarudi motoni kidogo, akakisugua tena, mpaka sabuni ikabaki ute viganjani mwake. Kalibu ya ekseli ikang'aa kama mtoto wa Idi, haina hata mkwaruzo.

Jioni ile Mwikwabe alizitazama kalibu mbili, moja nzima na moja imepasuka. Akakumbuka kwamba iliyopasuka ni mali ya umma, na kwamba yeye ndiye mwenye dhamana. Kufikia asubuhi hadithi ilikuwa imeshapata miguu. Mturi ameipasua makusudi ili ya kwake ishinde. Na wale wasiopenda siasa walikuwa na hadithi yao nyingine, kwamba chuma kilipasuka kwa sababu mwanamke aliingia mahali pa moto wa mhunzi, jambo ambalo tangu mababu lina mkosi. Aliyemwita huyo mwanamke hakutajwa.

"Nisikilize," Mwantumu alisema sasa kupitia upenyo wa mbao. "Kalibu ya akiba bado ipo. Kesho nitasema mbele ya mtaalamu zirudiwe zote mbili. Moto mmoja, maji mamoja. Ile ya kiwandani ikidumu, itajulikana kwamba maji ya ndoo ndiyo yaliyoipasua mwenzake, si mkono wako."

Kule ndani kutafuna kulikoma.

"Usiombe hilo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kwangu itashindwa." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Ekseli imetengenezwa ili ibebe mzigo, haikutengenezwa kwa kuungua na kupoa. Chuma chao cha kiwandani kimechanganywa kwa kazi hiyo hiyo. Niliigonga ile kalibu kwa moyo wangu wote, mama Arafa, lakini moyo hauingii ndani ya chuma. Ikirudiwa kwa haki itachanika mbele ya kijiji kizima."

"Na wewe utatoka humu."

"Nitatoka nikiwa nani? Leo wanasema Sadick ni mbaya, lakini hodari. Kesho watasema Sadick ni mwema, lakini hajui kazi. Mwache mtaalamu anitetee kwa njia yake."

Mwantumu alikaa na bakuli tupu magotini. Alikuwa amejiandaa kwa Mwikwabe, kwa Heche, hata kwa polisi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Baba Arafa," alisema mwisho, "hodari wa kufungwa sina kazi naye."

*

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Obura alikalishwa kwenye kiti chenye mikono, akapewa soda ya moto. Sadick alisimamishwa kando na Heche, viatu vimevuliwa, makapi ya mtama yamemganda nyweleni. Mwikwabe alizungumza kwa muda mrefu juu ya adui wa ndani, wanaokula jasho la wakulima, na watu waliokuja kutoka mbali wakapokewa kwa ukarimu. Kipande cha kalibu iliyopasuka kilizungushwa kama maiti ya nyoka, kila mtu akakigusa na kuguna.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Mwantumu alisimama. "Mimi sina swali. Nina neno."

"Akina mama watasema mwisho."

"Mwisho mume wangu atakuwa ndani ya gari la polisi. Nitasema sasa." Akamgeukia Obura. "Mtaalamu, ulituambia chuma hiki ni cha kumiminwa. Ulitaka kimiminiwe maji?"

Obura aliweka soda chini. "Kimiminiwe maji? Hapana! Cha kumiminwa maana yake kiliyeyushwa kiwandani, kikamiminwa kwenye..."

"Na kile cha kufuliwa. Ulitaka kifuliwe kwa sabuni?"

Obura, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa kijana, aliangua kicheko. Alijaribu kukizuia kwa kiganja kikatokea puani. Nyuma mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu mkutano mzima ukawa kama mto uliofurika. Rhobi mwenyewe alijifunika khanga usoni, mabega yakitikisika.

"Mimi ndiye niliyekifua," Mwantumu alisema juu ya kelele. "Kwa sabuni ya nguo za mwanangu. Kufua chuma ni kukipiga nyundo. Ndiyo maana lile pande ambalo mhunzi hugongea juu yake linaitwa fuawe. Au mnadhani linaitwa hivyo kwa sababu wahunzi wanafulia khanga?"

Mwikwabe hakucheka. Uso wake ulikuwa umekauka, na jasho limetokeza chini ya kofia. "Mimi sikuamuru maji," alisema.

Kicheko kikafa palepale. Hapo ndipo moyo wa Mwantumu ulipobadilika rangi. Mpaka dakika ile alikuwa akimhurumia kidogo. Neno kila mtu hukosea. Yeye mwenyewe Kikurya chake huwafanya watoto wa jirani wagaragare kwa kucheka, na hajawahi kumfunga mtu kwa sababu hiyo.

"Kamati ilikuwepo," alisema. "Waulize."

Wanakamati walitazama kucha zao. Mmoja akakohoa. Mwantumu aliwatazama mmoja mmoja kwa zamu: huyu alikopeshwa shoka, huyu alitengenezewa plau, huyu sufuria yake iko karakana mpaka leo inangoja kuzibwa.

"Haya, nyamazeni. Chuma kitasema. Kalibu ya akiba ipo. Mtaalamu, zirudie wewe mwenyewe, hapa hapa. Moto mmoja, pipa moja la maji."

Sadick aliinua kichwa. Macho yao yalikutana juu ya bega la Heche, naye akamtazama mkewe kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa na mtu anayempenda.

*

Obura aliitendea kazi haki. Alihamia karakana na mikono ya shati imekunjwa. Kalibu zote mbili ziliingia tanuri moja na kutoka pamoja, nyasi kavu ikigusishwa juu ya kila moja kuhakikisha joto ni sawa, kisha zikatumbukizwa pamoja ndani ya pipa moja la maji ya uvuguvugu. Sadick aliombwa avute mivukuto, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua. Akavuta. Watu walisimama mlangoni tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi, na siku ya pili yake wakarudi tena. Mwantumu alikaa nje, nyuma ya mstari ambao wazee walikuwa wameuchora kwa majivu kwa ajili yake.

Aliyeiona kwanza alikuwa Sadick. Aliigeuza kalibu yake kwa koleo kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha juu yake, akasimama. Nyufa nyembamba zilikuwa zimetanda uso mzima kama matope ya kisima kilichokauka. Ya kiwandani ilikuwa imepauka tu.

"Yangu imechoka," alisema. Hakusubiri kuulizwa.

Obura alitangaza matokeo bila kumtazama. Kalibu ya kumiminwa ni imara ikitumiwa inavyotakiwa. Iliyopasuka ilipasuliwa na maji baridi. Fundi hana hatia ya hujuma. Kijiji kitatumia kalibu ya kiwandani. Kisha akanawa mikono, akampa Sadick mkono, akapanda gari. Nani aliagiza maji baridi hakusema. Alikuwa mgeni, na wageni wana safari.

Ndipo Mwikwabe akapata pumzi. "Mmeona wenyewe!" aliwaambia watu. "Chuma cha Mturi kimepasuka. Mlikuwa mnaambiwa ni fundi! Kelele zote hizi, mke wake kunitukana mbele ya mkoa, kumbe ni kwa ajili ya takataka."

Na watu wale wale waliocheka mkutanoni wakacheka tena, upande wa pili.

*

Rhobi alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kama jirani.

"Mama Arafa, mzee hana kinyongo."

"Namshukuru."

"Anasema mume wako abaki na karakana, na nyumba mbaki nayo. Anataka kitu kidogo tu. Jumamosi mkutanoni usimame useme ulikosea. Useme ulifanya utani kwa sababu ya uchungu, na kwamba yeye hakuamuru lolote."

"Rhobi, wewe ndiye uliyekuja kuchukua sabuni. Mlango huu huu."

Rhobi alitazama sakafu. "Mimi naishi naye, dada. Wewe unamwona mkutanoni tu."

Alipoondoka, Sadick alikuwa ameegemea ukuta. Tangu atoke ghalani hakuwa amesema naye ila mambo ya chumvi na kuni.

"Omba radhi," alisema.

"Hata wewe?"

"Mimi hasa. Nilikuomba, ukakataa. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu hapa Machochwe, kazi ya mikono yangu. Umekichukua ukakipasua mchana kweupe. Sasa wananiita fundi wa nyufa. Angalau tubaki na paa. Sema maneno mawili, yaishe."

"Wangekupeleka Mugumu."

"Labda. Labda mtaalamu angenitetea."

"Mtaalamu hakuweza hata kutaja nani alisema mimina, na alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono!" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa ajili ya Arafa aliyelala. "Chuma chako kilishindwa kwa haki, baba Arafa. Ukakiangalia, ukasema mwenyewe yangu imechoka. Watu wote siku ile hakuna aliyesema neno la kweli isipokuwa wewe. Mimi niliposikia hivyo nilijua nimeolewa na nani. Na sasa unataka nikaseme uongo ili tupewe paa?"

Sadick alichukua taa akaenda nje kuangalia kuku ambao walikuwa wameshafungiwa.

*

Jumamosi watu walijaa kuliko siku ya Obura. Mwikwabe alikaa katikati na kofia yake, wanakamati pembeni. Alimwita Mwantumu kwa upole mkubwa, upole wa mtu anayengojea kitu chake. "Mama yetu ana maneno ya kutuambia. Mpeni nafasi."

Mwantumu alipita katikati ya watu mpaka mbele. Alivaa gauni lililofuliwa kwa majivu, kwa kuwa sabuni hakuna, na lilikuwa na madoa ya kijivu begani. Alimwona Rhobi katika kundi la wanawake, khanga imeziba mdomo. Alimwona Heche na kirungu. Nyuma kabisa, pembeni ya ukuta wa ghala, alimwona Sadick. Hakuwa ameahidi kuja.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "neno ulilokosea nilikusamehe siku ile ile. Hata mimi Kikurya chenu nakikosea, na mnanicheka, na tunakula pamoja. Mtu hafungwi kwa neno. Lakini ulijua umekosea, ukamfungia mume wangu na magunia ili ukweli wako usifunuke. Ukaniita karakana kwa mdomo wako, halafu ukawaacha watu waseme mimi ni mkosi. Kamati yako ikajua, ikanyamaza, na majembe yake mikononi."

"Mama," Mwikwabe alisema, bado anatabasamu kwa midomo, "tulikubaliana uje kuomba radhi."

"Ulikubaliana na mlango wangu. Mimi sikuwepo kwenye makubaliano hayo."

Mtu alicheka, akajizuia. Mwikwabe alisimama. "Unajua nyumba unayolala ni ya kijiji?"

"Najua. Na funguo za karakana mume wangu anazo mfukoni, muombe atakupa. Chuma chake kilichanika, naye akasema kimechanika. Na wewe sema chako."

Watu wote waligeuka kumtazama Sadick. Alikuwa amejibanza ukutani, mikono nyuma. Akautoa mmoja, ukiwa na funguo, akazishika hivyo hivyo hadharani, hakuzificha wala hakuzipeleka.

Mwikwabe alizitazama funguo, akamtazama mwanamke. "Kwa mara ya mwisho. Unaomba radhi, au huombi?"

"Nimekuja kudai sabuni yangu," Mwantumu alisema. "Radhi siombi."